Mwongozo kamili: Namna ya kuzungumzia habari za gazetini kwa Kiingereza bila kukwama

Wengi wanaojifunza Kiingereza hapa Kigoma wanajua kusoma gazeti. Mpe mmoja wao The Citizen, atakusomea habari nzima kwa sauti, na ukimuuliza kwa Kiswahili inahusu nini atakujibu sawasawa. Mwambie sasa amsimulie habari hiyohiyo mgeni aliyekaa naye kwenye boti ya kwenda Gombe. Atasema “In the newspaper…”, halafu kimya.

Shida si uchache wa maneno. Anayekwama hivi anajaribu kukumbuka sentensi za gazeti kama zilivyoandikwa, na zile sentensi hazikuandikwa ili zisemwe. Mwongozo huu wote umesimama juu ya jambo moja: beba habari, sentensi za mwandishi ziache gazetini.

Fuata hatua kwa mpangilio wake. Wanaoruka hatua ya 3 na ya 5 ndio wanaorudi kulalamika kwamba Kiingereza hakipandi.

## Vitu vya kuwa navyo

- Gazeti moja la Kiingereza: Daily News, The Citizen au The Guardian. La wiki iliyopita linafaa, hata lile lililofungiwa maandazi, mradi habari iwe nzima.
- Gazeti la Kiswahili la kampuni hiyohiyo. Habari Leo na Daily News yanatoka nyumba moja. Mwananchi na The Citizen vilevile, na Nipashe na The Guardian. Tukio kubwa mara nyingi utalikuta kwenye yote mawili. Ukikosa la karatasi, soma kwenye tovuti zao.
- Daftari dogo na kalamu. Usiandike kwenye simu, maana ujumbe ukiingia tu mawazo yote yanahama.
- Simu yenye kinasa sauti. Karibu kila simu janja inacho.
- Kamusi ya Kiingereza na Kiswahili, ya karatasi au ya kwenye simu.
- Mwenzako mmoja anayejifunza pia. Si lazima awe anakuzidi.

Tenga kama nusu saa kwa siku. Anayesoma saa tatu siku ya Jumapili na kuacha wiki nzima hafiki mbali, kwa sababu ulimi unahitaji mazoezi ya kila siku.

## Hatua ya 1: Chagua habari moja inayokugusa

Moja tu. Pitia kurasa, kisha jiulize: hii ningewasimulia watu wa nyumbani wakati wa chakula cha jioni? Kama jibu ni ndiyo, hiyo ndiyo yako. Bei ya mafuta ya kula, mvua, matokeo ya mtihani, Simba na Yanga, reli, ziwa, yote yanafaa.

Sababu ni kwamba mazungumzo yanataka maoni yako. Habari usiyoijali huna la kuongeza, na usipokuwa na la kuongeza utarudi kukariri.

Angalizo: mwanzoni kaa mbali na hotuba za bajeti, kesi za mahakamani na mivutano ya vyama. Lugha yake ni nzito, na mgeni wako huenda hataki kuingizwa kwenye siasa za nchi asiyoijua.

Umefaulu kama unaweza kusema kwa Kiswahili, kwa pumzi moja, kwa nini habari hiyo imekugusa.

## Hatua ya 2: Isome kwa Kiswahili kwanza

Soma habari hiyo kwenye gazeti la Kiswahili mpaka uielewe, ndipo ufungue la Kiingereza. Wapo wanaoona hii ni kujidanganya. Sivyo. Ukishajua nani kafanya nini, wapi na lini, akili yako yote inabaki huru kutazama namna Kiingereza kinavyosema jambo hilo.

Usipoipata kwa Kiswahili, sikiliza redio asubuhi wanapopitia magazeti. Ikikosekana hata huko, endelea hivyohivyo na kamusi.

## Hatua ya 3: Vunja kichwa cha habari

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo nenda taratibu.

Simama kwenye meza ya muuza magazeti yeyote pale Mwanga, hapa mjini Kigoma, usome vichwa vya Kiswahili. Vitakuwa vya namna hii: “Serikali yafunga ziwa”, “Wawili wafariki ajalini”. Sasa kumbuka unavyosema ukifika nyumbani. Humwambii mama, “Wawili wafariki ajalini.” Unamwambia, “Mama, kuna watu wawili wamekufa kwenye ajali.” Kichwa cha gazeti kina lugha yake, na mdomo una lugha yake. Kiingereza nacho kiko hivyohivyo, ila kwa kuwa si lugha yetu tunadhani kichwa cha gazeti ndicho Kiingereza sanifu, tunakichukua kizima.

Nimetunga vichwa vichache vya mazoezi. Tazama kinachobadilika.

Kitenzi cha wakati uliopo kwa jambo lililokwisha. Gazeti: “Fishermen welcome lake closure”. Mdomoni: “The fishermen said closing the lake was a good thing.” Jambo limeshapita, lakini kichwa kinalisema kana kwamba linatokea sasa. Ukizungumza, lirudishe kwenye wakati wake.

Neno “to” kwa jambo lijalo. Gazeti: “Government to reopen lake in August”. Mdomoni: “The government is going to open the lake again in August.” Ukisema “Government to reopen”, msikilizaji atangoja umalizie sentensi.

Maneno madogo yaliyoachwa. Gazeti: “Two held over stolen nets”. Mdomoni: “Two people have been arrested. The police say they stole some fishing nets.” Tazama vizuri hiyo “the police say”. Aliyekamatwa hajahukumiwa, na ukisema moja kwa moja kwamba ameiba umemhukumu wewe. Hili ni suala la haki kabla halijawa suala la sarufi.

Maneno ya vichwani tu. Magazeti yanapenda maneno mafupi kwa sababu nafasi ni ndogo, na mengi kati ya hayo watu hawayatumii wakipiga soga. Ukikuta “probe”, wewe sema “look into”. “Slam” sema “criticise”. “Nab” sema “arrest”. “Axe”, ikiwa ni mtu kaondolewa kazini, sema “sack”. “Mull” sema “think about”. “Vow” sema “promise”.

Chukua vichwa vitano vya gazeti lako na uvigeuze hivyo kwenye daftari, kushoto cha gazeti, kulia cha mdomoni.

Angalizo: usiishie kwenye kichwa. Shuka mpaka aya ya pili au ya tatu, kwa sababu mara nyingi kichwa hakisemi jambo lilitokea lini.

Umefaulu kama mtu asiyeona gazeti anaweza kusikia sentensi yako ya upande wa kulia na kujua nani kafanya nini.

## Hatua ya 4: Chagua maneno matano uyatamke

Yasizidi matano. Daftari lenye maneno arobaini halirudiwi kusomwa, la matano linarudiwa. Chukua yale ambayo bila hayo habari haisimuliki.

Kisha yatamke kwa sauti na ujirekodi. Tegea sikio mambo haya:

Neno “read” likiwa la wakati uliopita hutamkwa “red”, sawa na jina la rangi nyekundu. Utalitumia kila siku katika mazoezi haya, kwa hiyo lianze kuwa sawa leo. Wengi wanasema “I riid” hata kwa habari ya jana, na msikilizaji anadhani unazungumzia tabia yako ya kusoma.

Sisi tumezoea kila neno liishie kwa irabu, hivyo “lake” inatoka “leiki” na “boat” inatoka “boti”. Funga mdomo kwenye konsonanti, usiongeze kitu.

Neno “police” mkazo wake uko mwishoni, po-LIIS. “Government” husikika karibu na “gavament”, mkazo mwanzoni.

Lafudhi yako ya Kigoma haina tatizo lolote, usihangaike kuiga ya Mmarekani. Kinachotakiwa ni kueleweka.

## Hatua ya 5: Jenga sentensi tatu na swali moja

Hii ndiyo kazi yenyewe. Kila habari, hata ikiwa ndefu kurasa mbili, isimulie hivi:

1. Nimeisoma wapi, na ni kuhusu nini.
2. Nini kilitokea, na kwa nini.
3. Inanihusu vipi, au naionaje.
4. Swali kwa anayenisikiliza.

Tuchukue jambo ambalo kila mtu hapa analijua. Kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, uvuvi ulisimamishwa upande wetu wa Ziwa Tanganyika ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Gazeti linaweza kuandika nusu ukurasa juu ya hilo. Wewe sema hivi:

“I read a story in the paper about Lake Tanganyika. In 2024 they stopped fishing for three months, because they wanted the fish to breed. My aunt sells dagaa, so it was a hard time for her, but I think it was necessary. Do people eat a lot of fish in your country?”

Hesabu maneno magumu humo. Labda “breed” na “necessary”, basi. Na msikilizaji amepata habari, amepata shangazi yako, na ana swali la kujibu. Hilo swali ndilo linalogeuza hotuba kuwa mazungumzo. Bila swali atasema “Oh, interesting”, na mambo yataishia hapo.

“Dagaa” nimeiacha kama ilivyo kwa makusudi. Majina ya vitu vyetu yataje, mgeni asipojua atauliza, na akiuliza umepata mada ambayo wewe ndiye mjuzi. Eleza migebuka, eleza mawese. Hakuna atakayekuzidi hapo.

### Makosa yanayorudi kila mara

“I have read it yesterday.” Ukishataja jana, wiki iliyopita au mwaka fulani, sema “I read it yesterday.” Kiswahili kinatuvumilia tukisema “nimesoma jana”, Kiingereza hakivumilii.

“He” kwa mwanamke. Kwetu “a-” inatosha kwa wote, kwa hiyo ulimi unateleza. Kabla ya kuanza, andika pembeni ya daftari kila mtu aliyetajwa kwenye habari na alama yake, “he” au “she”. Ukifanya hivyo kwa wiki mbili tatu, ulimi utaanza kukumbuka wenyewe.

“The news are…”, “The police has…” Ni kinyume: “The news is”, “The police have”.

“According to me.” Sema “I think”, inatosha na ni ya kawaida kabisa. “According to” iachie gazeti: “According to the paper…”

Fedha. Kiingereza cha mgeni wako huenda hakina laki. Laki mbili na nusu ni “two hundred and fifty thousand”. Milioni moja na laki tano ni “one point five million”. Kama habari yako ina fedha, andika namba kwa maneno kabla ya kufungua mdomo.

Saa. Treni ya saa kumi na mbili asubuhi ni “six in the morning”. Saa mbili usiku ni “eight in the evening”. Ukichanganya hapa unaweza kumkosesha mtu safari, kwa hiyo hakiki mara mbili.

Umefaulu kama unaweza kusema sentensi zote tatu na swali huku gazeti limefungwa na daftari limefungwa. Ukikuta unafumba macho kutafuta neno fulani, neno hilo ni gumu mno kwako kwa sasa. Tafuta jepesi zaidi.

## Hatua ya 6: Fanya mazoezi na mwenzako ambaye hajaisoma

Kila mtu aje na habari yake, na asimwonyeshe mwenzake. Mkisoma habari moja, ukikwama mwenzako atakumalizia, na hutagundua kwamba ulikwama. Asiyejua habari atakuuliza maswali ya kweli kwa sababu anataka kujua.

Kabla ya habari, salamu. Sisi tunauliza hali, kazi, nyumbani, watoto, na ni uungwana. Kwa Kiingereza, kwa mtu mnayekutana njiani, “Good morning, how are you?” na “Fine, thanks” zinatosha. Kumzidishia maswali ya nyumbani kwake mtu usiyemjua kunaweza kumpa shaka. Hutavunja heshima kwa kufupisha.

Hivi ndivyo zoezi zuri linavyokwenda:

Wewe: “Good evening. Have you seen the paper today?”

Mwenzako: “No, I haven’t. Anything interesting?”

Wewe: “Yes. I read that they’re going to build a new market. They say the old one is too small.”

Mwenzako: “Really? When are they going to start?”

Wewe: “I’m not sure. The paper didn’t say.”

Mwenzako: “And what about the people who sell there now?”

Wewe: “That’s what I’m worried about. Where do you think they should go?”

Tazama jibu lile la “I’m not sure. The paper didn’t say.” Watu wanakwama kwa sababu wanaona aibu kusema hawajui, wakati hata kwa Kiswahili tunasema “gazeti halikusema” bila shida yoyote. Jifunze sentensi hiyo mpaka itoke yenyewe.

Msikilizaji naye ana kazi. Asikae kimya akitikisa kichwa. Awe na vya kujibia: “Really?”, “I didn’t know that”, “What happened next?”, “Sorry, could you say that again?” Habari ikiwa ya msiba au ajali, pale ambapo sisi tungesema pole, aseme “I’m sorry to hear that.” Asiogope kwamba anaomba radhi, hakuna atakayemwelewa hivyo.

Angalizo: msisahihishane katikati ya sentensi. Mwenye kusikiliza aandike makosa mawili tu, ayaseme mwisho. Mtu anayekatizwa kila neno ataacha kuja, na nimeona vikundi vizuri vikivunjika kwa sababu hiyo moja.

Umefaulu kama mazungumzo yamepita dakika tatu na mmefika mahali ambapo gazeti halikuzungumzia kabisa.

## Hatua ya 7: Jirekodi, sikiliza mara moja

Rekodi zoezi la leo, lisikilize mara moja, chagua kosa moja la kurekebisha kesho. Usifute rekodi ya kwanza kabisa. Ihifadhi, utaihitaji siku utakayodhani huendi mbele.

## Hatua ya 8: Zungumza na mtu wa kweli

Mkoa wetu una nafasi nyingi kuliko watu wanavyodhani. Wapo wageni wanaosubiri boti pale Kibirizi, wapo watumishi wa mashirika yanayohudumia wakimbizi kule Kasulu, wapo watalii wanaoshuka Ujiji kuona makumbusho. Aliye Tabora ana stesheni, ambapo njia za Mwanza na Kigoma zinaachana, na abiria anayengoja treni ana muda wa kuzungumza.

Chagua aliyetulia. Anayebeba mizigo, anayeongea na simu au anayekula mwache. Aliyekuzidi umri mwite “sir” au “madam”. Usimwite “my friend” kabla hamjajuana, kwa sababu wageni wengi wamezoea kusikia neno hilo kwa mtu anayetaka kuwauzia kitu.

Anza na kilicho mbele yenu, kisha ingia kwenye habari: “The lake is calm today. You know, I read something about it in the paper.” Halafu sentensi zako tatu na swali.

Akisema jambo usilolielewa, usijibu “yes”. Sema “Sorry, I didn’t catch that.” Ile “yes” ya kuficha ndiyo inayoharibu, maana atauliza la pili juu ya la kwanza na wewe hulijui hata moja.

Akianza kubishana juu ya habari yenyewe, jikinge na gazeti: “I only know what the paper says.” Ni kweli, na inapoza.

Mwisho, jua kuondoka. Wengi hawajui, wanabaki wamesimama mpaka inakuwa ngumu kwa wote wawili. Sema “Well, I have to go now. It was nice talking to you”, mpe mkono akikunyooshea wake, uende. Usiombe namba ya simu siku ya kwanza.

Umefaulu kama yule mtu naye amekuuliza swali, hata moja. Siku hiyohiyo jioni liandike swali hilo kwenye daftari pamoja na jibu ulilompa, na chini yake jibu ambalo ungependa kulitoa. Kesho yake mpe mwenzako akuulize swali lilelile.